Deni la Mwundaji

Binadamu ana desturi ya kukisifu kitu zaidi kinapokuwa hakipatikani. Mtu aliyekuwa akimlalamikia ng'ombe wake kwa uchache wa maziwa, akiisha kumwuza huwasimulia majirani jinsi ng'ombe yule alivyokuwa mpole na jinsi kibuyu kilivyojaa kila asubuhi. Desturi hii haina dhambi kubwa, ila ina hatari: humfanya msifuji asijue hasa anachokisifu, na msikilizaji asijue aamini kiasi gani. Katika insha hii, msomaji, nataka tuitazame desturi hiyo katika jambo unaloliona kila siku uendapo shule, nalo ni pikipiki. Na hasa katika maneno ya wapenda pikipiki juu ya zile aina ambazo viwanda vikubwa vimeacha kuziunda. Huenda ukadhani jambo hili ni dogo mno kwa falsafa. Sokrate alipouliza juu ya haki na wema alitoa mifano ya washona viatu na manahodha. Sioni kwa nini sisi tusitoe mifano ya mafundi wa pikipiki.

Jina la Makutano limeenea Kenya, kwa kuwa kila njia mbili zinapokutana watu hujenga vibanda na kupaita hivyo. Barabara ya Embu huachana na ile ya Nyeri mahali paitwapo Makutano, karibu na tambarare za mpunga za Mwea. Kutoka hapo hupanda ikapita Embu, Chuka na Nkubu, ikikata mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, na mjini Meru kuna Makutano mengine, mtaa wa biashara na wa vituo vya magari. Ni hayo ya Meru ninayoyasema. Huko wendesha pikipiki husimama safu kwa safu, makoti mazito mwilini kwa sababu ya baridi ya mlimani, wakingoja abiria, au shehena ya ndizi, au mtungi wa gesi, au mgonjwa wa kupelekwa hospitali kutoka kijiji ambacho gari haliwezi kukifikia wakati wa masika.

Kazi hii ya bodaboda ilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960, watu walipovushwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki zikachukua mahali pa baiskeli baadaye. Na mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, zilifurika nchini kama mvua ya mawe. Vijana ambao baba zao hawakupata kumiliki hata baiskeli walianza kumiliki injini, wengi wao kwa mkopo. Ukumbuke neno hilo la mkopo, maana tutalirudia.

Wakiwa kivulini, wenye pikipiki hawa huwa na baraza lisilo na mwenyekiti. Hoja inayopendwa sana ni hii: ipi iliyokuwa pikipiki bora, na kwa nini waliacha kuiunda? Mzee aliyeendesha tangu zamani atasema, "Kijana, hiyo yako ni bati tupu. Honda yangu ya kwanza ilipanda kilima na magunia mawili na mke wangu juu yake, wala haikukohoa." Kijana naye, kwa adabu lakini kwa ulimi mkali, atamjibu, "Mzee, kama ilikuwa nzuri hivyo, mbona leo waniomba nikupeleke nyumbani?" Watu hucheka, na hoja huendelea hadi abiria atokee. Kicheko hicho kisitudanganye tukadhani kwamba hakuna neno la maana lililosemwa. Mzee na kijana wanabishana juu ya ushahidi, na baadaye kidogo, bila kujua, hubishana juu ya haki.

Acha kwanza nikueleze ni pikipiki zipi zinazosemwa, ili tusiongee hewani.

Wapo wanaozililia pikipiki za mipigo miwili, kama zile Yamaha za jamii ya DT ambazo zamani zilipandwa na maofisa wa serikali na wa mashirika ya misaada katika sehemu nyingi za Afrika. Injini ya namna hii huwasha mafuta kila inapozunguka mara moja, ambapo ile ya mipigo minne huwasha kila inapozunguka mara mbili. Haina valvu za kufunguka na kufunga kama za mwenzake. Kwa hiyo ni nyepesi, ina nguvu kuliko umbo lake, na kijana mwenye akili aweza kuifungua na kuifunga siku moja. Lakini hunywa oili iliyochanganywa na petroli, nayo huiteketeza na kuitoa nyuma kwa moshi wa buluu. Sheria za hewa safi zilipozidi kuwa kali huko Ulaya, Japani na India, viwanda viliona heri kuziacha kuliko kuzifundisha tabia mpya. Nchini India mpaka leo wako watu wanaoitafuta Yamaha RX100, iliyoundwa huko tangu 1985 hadi 1996, kama mtu atafutaye rafiki wa utotoni.

Wapo pia wanaoisifu Honda CG125, nayo ina historia inayostahili kusimuliwa taratibu. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Honda iliona kuwa pikipiki zake ndogo, zilizokuwa na sifa njema kwao Japani, zilikuwa zikiharibika upesi katika nchi za joto na vumbi. Wahandisi wakatumwa katika nchi za Asia, kama Pakistani na Thailand, wakaone kwa macho. Wakakuta pikipiki ya mtu mmoja imepakia familia nzima. Wakakuta oili ambayo ingebadilishwa mara nyingi haikubadilishwa hata mara moja. Injini ya wakati ule ilikuwa na mnyororo mrefu wa kuendesha valvu zilizo kichwani, na mnyororo huo na sehemu zilizo pamoja nao huangamia oili ikichakaa. Wahandisi wale wangeweza kurudi nyumbani wakaandika kwamba watu wa huko ni wazembe. Badala yake walirudi wakaunda injini ambayo valvu zake husukumwa kwa fito fupi za chuma, na wakaufunika mnyororo wa gurudumu la nyuma ndani ya boksi ili vumbi lisiufikie. Pikipiki hiyo ikatoka mwaka 1976. Kwa maoni yangu kitendo kile kina adabu ndani yake: mwundaji alikubali kumtazama mtumiaji jinsi alivyo, asimdai awe mtu mwingine. Honda iliacha kuiunda katika nchi moja baada ya nyingine, ingawa Pakistani iliendelea nayo hata kuvuka mwaka 2020; na viwanda vingi vya China viliiga injini yake, vikaiuza Afrika nzima kwa majina yasiyohesabika.

Na kisha iko Boxer ya kampuni ya Bajaj, ambayo hapo Makutano huhitaji kuuliza ni ipi, kwa kuwa huenda ndiyo iliyokupeleka sokoni juzi. Boxer ilizaliwa India, wakati Bajaj iliposhirikiana na Kawasaki ya Japani. Kwao, jina hilo liliondolewa sokoni na mahali pake pakachukuliwa na aina nyingine. Mwaka 2011 likarejeshwa na injini kubwa zaidi, ya 150, wanunuzi wakawa wachache, likaondolewa tena. Lakini Afrika Boxer ni kama mfalme aliyekataliwa kwao akatawazwa ugenini. Kitu kile kile kimoja kimeachwa upande huu wa bahari na kimetamalaki upande wa pili. Hapa tunaona jambo la kwanza la kuzingatia: kuachwa kwa kitu hakuthibitishi kwamba ni kibaya, kama vile kuendelea kwake kusivyothibitisha kwamba ni chema. Kiwanda huacha kwa sababu ya sheria ya moshi, au gharama, au ladha ya wanunuzi wa mji fulani. India ilipoanza kanuni mpya za moshi tarehe 1 Aprili 2020, aina kadha wa kadha zilitoweka huko ambazo hazikuwa na kosa lolote ila kwamba zilibuniwa kabla ya siku hiyo. Hata Super Cub ya Honda, ambayo ilianza mwaka 1958 na kufikia milioni 100 mwaka 2017, ile ndogo yake ya 50 ilikomeshwa Japani mwaka 2025 kwa sababu hiyo hiyo ya moshi.

Sasa tumpime mzee wetu. Anasema za zamani zilidumu kuliko za leo, na ushahidi wake ni kwamba anazo machoni: ile pale ina miaka thelathini na bado inatembea. Ushahidi huu una tundu, nalo ni tundu ambalo wengi huanguka ndani yake katika mambo makubwa kuliko pikipiki. Fikiri juu ya mzee wa miaka tisini anayekwambia kwamba katika utoto wake watu walikunywa maji ya mtoni bila kuyachemsha, na hakuna aliyekufa. Yeye hakufa. Lakini ndugu zake waliokufa wachanga hawaji barazani kutoa ushahidi wao. Vivyo hivyo, kwa kila pikipiki ya zamani inayotembea leo, ziko nyingine ambazo zilikwisha kuwa vyuma chakavu, zikapimwa kwa kilo, zikayeyushwa, labda zimekuwa nondo ndani ya ukuta wa darasa lako. Iliyobaki imebaki kwa kuwa ilikuwa njema kuliko wenzake, au kwa kuwa mwenyewe aliitunza kama mboni ya jicho, au kwa bahati. Za leo tunaziona zote, nzuri na mbaya pamoja. Za zamani tunaziona zilizochujwa na miaka. Kulinganisha hizi na zile ni kulinganisha darasa zima na wale watatu waliofaulu.

Tena liko jambo la aibu kidogo. Wengi wanaokililia kitu kilichoachwa hawakukinunua kilipokuwapo. Bajaj iliunda skuta iliyoitwa Chetak, kwa jina la farasi wa mfalme Maharana Pratap, na kwa miaka mingi familia nyingi za India zilikwenda harusini na hospitalini juu yake. Wanunuzi wakazidi kuhamia pikipiki, na mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ilipotangaza kuwa inaacha biashara ya skuta palikuwa na simanzi kubwa. Walakini simanzi haikuwa imelipa bei ya skuta hata moja katika miaka iliyotangulia. Mwaka 2020 jina la Chetak lilirudi sokoni, safari hii juu ya skuta ya umeme. Mtu asiyenunua ana haki ya kusikitika, kama vile mtu asiyelima ana haki ya kusikitikia ukame. Ila asimshitaki mkulima kwa uvivu.

Je, basi, mzee hana hoja? Anayo, na mimi namtetea. Sifa za kudumu ni ngumu kuzipima, lakini iko sifa nyingine ambayo haihitaji kumbukumbu, nayo ni wepesi wa kutengenezeka. Hiyo yaweza kujaribiwa leo hii juu ya meza. Chukua injini yenye kabureta, mpe fundi aliye chini ya mti na spana zake na tambara lenye grisi. Atakueleza kila kipande kazi yake, na kipande kilichovunjika atakuchongea au atakutafutia kingine kinachofanana. Kisha mpe ile ambayo petroli yake hupimwa na kompyuta ndogo iliyofungiwa ndani ya kisanduku. Huenda ni bora kuliko ya kwanza. Yamkini hutumia petroli kidogo, na moshi wake hauudhi mapafu ya watoto wa barabarani. Lakini ikigoma, fundi hana la kusema nayo. Mzee anaposema ya zamani ilikuwa bora, aghalabu maana yake ni kwamba ya zamani ilimwitikia. Amekosea jina la sifa, lakini sifa yenyewe ipo.

Hapa yapo pia maswali ambayo wanafalsafa wameyapenda. Wagiriki wa kale walisimulia juu ya merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilizooza zilibadilishwa moja moja hadi pasibaki hata ubao wa asili, wakauliza kama ilikuwa bado merikebu ile. Mwenye Boxer ya miaka kumi, ambaye amebadilisha pistoni, magurudumu, tanki, taa na viti, hana shaka na jibu: ni ile ile, kwa kuwa deni lake ni lile lile na namba yake ni ile ile. Sitakaa hapo, maana jibu lake lanitosha.

Nakuja sasa kwenye swali ambalo naona ndilo zito. Kiwanda kinapoacha kuunda aina fulani, je, kinabaki na wajibu wowote kwa wale walioinunua?

Mwenye kiwanda atajibu hivi, na tumsikilize kwa insafu: "Nilikuuzia pikipiki moja, ukanilipa bei moja. Sikukuuzia ahadi ya kuunda nyingine hadi kiyama. Mimi si mtumwa wako. Mfinyanzi anayechoka kufinyanga vyungu vya shingo ndefu haulizwi na mtu, wala mwashi hadaiwi matofali na nyumba aliyoijenga mwaka jana." Jawabu hili ni zuri, na nusu yake ni kweli. Hakuna awezaye kumlazimisha mtu au kampuni kuendelea kufanya kazi ambayo haina faida tena, au inayochafua hewa ya wengine. Anayedai kwamba pikipiki za moshi wa buluu zirudishwe kwa kuwa yeye anazipenda anadai starehe yake igharimiwe na kifua cha jirani. Haki ya kuacha ni haki ya kweli.

Lakini nusu ya pili ya jawabu lile ina kasoro, na kasoro hiyo twaweza kuiona tukikumbuka mkopo niliokwambia. Kijana wa Makutano anayechukua pikipiki kwa mkopo hanunui chuma cha leo. Ananunua safari za miezi na miaka ijayo, maana kwa safari hizo ndipo atakapolipa. Muuzaji anajua hivyo. Humwambia kwamba pikipiki hii ni ya kazi, itamlea, itamsomeshea watoto. Maneno hayo ni ahadi, hata kama hayakuandikwa katika karatasi ya mauzo, kwa sababu bila ya kuyaamini hakuna ambaye angetia kidole gumba. Na pikipiki ya kazi isiyopata ringi ya pistoni ni chuma kilichosimama, wakati riba yake inatembea.

Tena iko hoja yenye nguvu kuliko hiyo, nami sijaisikia ikisemwa mara nyingi. Thamani ya pikipiki haiumbwi kiwandani tu. Boxer ilipofika Meru mara ya kwanza ilikuwa pikipiki ngeni kama nyingine. Waliosababisha iaminiwe ni mafundi waliojifunza sauti zake, wakajua kwamba mlio huu ni wa valvu na ule ni wa mnyororo uliolegea. Ni wenye maduka madogo waliotia akiba ya plagi na kebo za klachi. Ni waendeshaji waliogundua gia gani hupanda kilima gani na mzigo gani. Hakuna kati yao aliyelipwa na kiwanda kwa elimu hiyo. Hata hivyo kila mnunuzi mpya aliichagua Boxer kwa sababu ya elimu hiyo, maana alijua kwamba ikiharibika katika kijiji chochote patapatikana mtu wa kuitengeneza. Kiwanda kilivuna kilichopandwa na wengine, na sioni ubaya, kwa kuwa wote walifaidi. Ila mtu aliyevuna pamoja na jirani katika shamba moja hawezi kusema siku moja kwamba shamba lote ni lake, na kwamba akiondoka ataling'oa hata lango.

Kwa hiyo nasema kwamba mwundaji anaweza kwa haki kuizuia mikono yake mwenyewe, lakini hawezi kwa haki kuifunga mikono ya wale waliobaki na kitu chake. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini kuachwa kwa Boxer huko India hakukumliza mtu wa Meru, ilhali kijana aliyenunua pikipiki ya jina lisilojulikana, iliyoletwa na mfanyabiashara kwa meli moja na isiletwe tena, ameiegemeza ukutani na kuku wanaitagia. Wote wawili wana pikipiki ambayo mahali fulani imekoma. Wa kwanza ana spea, mafundi na elimu vilivyomzunguka. Wa pili amebaki peke yake. Madhara hayatoki katika kukoma kwenyewe, hutoka katika mlango unaofungwa nyuma ya kukoma. Na utaona jinsi ulimwengu unavyochekesha: yule mwenye pikipiki ya Kichina isiyo na jina, kama injini yake iliigwa kutoka CG125, ameokoka, maana vipande vya jamii hiyo vimejaa madukani. Werevu wa wahandisi wa mwaka 1976 bado unamhudumia mtu ambaye hakumlipa Honda hata senti.

Mwenye kiwanda atauliza hapa: "Je, wanihubiria wizi? Wakiruhusiwa kuiga vipande vyangu, si watauza breki za bandia zitakazoua watu?" Ni swali la haki. Breki bandia zinaua kweli, na mtu anayezifunga katika pakiti yenye jina la mwingine ni mwongo kwanza na mwuaji baadaye. Lakini uongo huo umo katika jina la pakiti, haumo katika kuchonga kipande. Anayechonga ringi na kuiuza kwa jina lake mwenyewe, akisema wazi kwamba yafaa pikipiki fulani, hamwibii mtu. Anaendeleza uhai wa kitu ambacho mwenyewe amekiacha. Kiwanda kikitoa michoro na vipimo vya kile ambacho hakikitaki tena, hata hizo breki zingekuwa za salama zaidi. Huko Ulaya fikira hii imeanza kuwa sheria: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha waundaji wa vyombo fulani, kama mashine za kufulia na simu, wavitengeneze kwa bei ya kiasi hata baada ya muda wa dhamana kupita, na wasiweke vizuizi vya kuwazuia mafundi wengine. Pikipiki ya petroli haimo katika orodha hiyo. Wala hao wabunge hawakuwa wakimfikiria mtu wa Nkubu.

Wewe unayesoma utayakuta haya yakiwa magumu zaidi kuliko yalivyokuwa kwa mzee wetu. Pikipiki za umeme zimeanza kuenea Kenya, na mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa kuzieneza zaidi. Zina sifa nyingi: hazina moshi, hazipigi kelele, na mwendeshaji huepukana na bei ya petroli. Katika mipango mingi ya namna hii mtu hununua pikipiki, lakini betri hubaki mali ya kampuni. Ikiisha nguvu huipeleka kituoni akapewa nyingine iliyojaa. Ni utaratibu mwerevu, kwa kuwa betri ndiyo kitu cha ghali kuliko vyote. Lakini jiulize itakuwaje siku kampuni ikifilisika, au ikiamua kuacha aina ile. Pikipiki ya petroli iliyoachwa na mwundaji huishi miaka ishirini mikononi mwa mafundi, maana petroli ni ile ile kila mahali. Ya umeme iliyoachwa, kama betri yake haiingiliani na ya mwingine yeyote, hufa siku ile ile vituo vinapofungwa. Mwenyewe hubaki na kitanda kisicho na kamba. Wala fundi wa chini ya mti hawezi kuifungua betri ovyo, maana yaweza kuwaka moto ikamla yeye na kibanda chake. Ikiwa betri za kampuni zote zingekubaliana umbo na mlango wa kuunganishia, hofu hii ingepungua nusu. Jambo hilo haliwezi kuamuliwa na mnunuzi mmoja mmoja. Ni jambo la sheria na mapatano, nalo ni rahisi kufanywa sasa, pikipiki hizo zikiwa chache, kuliko zitakapokuwa nyingi na kila kampuni ina ngome yake.

Siku hizi hapo Makutano mtu anayekwenda kununua pikipiki, kama amewahi kuumwa, haendi peke yake. Huenda na fundi anayemwamini. Muuzaji huanza kusifu rangi na mwendo. Fundi humwacha aseme, akiinama kutazama injini kwa chini, kisha huuliza swali moja: kipande hiki kinaingiliana na cha pikipiki gani nyingine? Kwa pikipiki za petroli, muuzaji hujibu upesi. Kwa zile za umeme, betri ikiwa ya kampuni moja tu, fundi husimama, akafuta mikono, akamtazama rafiki yake.